KAZI YA KUJITOLEA NI KAZI, NAYO YATAKA VIONGOZI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi letu. Yamepigwa chapa hapa ili wale waliokuwa zamu siku ile wapate kuyasoma kabla ya kura.)



Halmashauri ya tawi imenipa nafasi niseme juu ya jambo lililoletwa mwezi uliopita nalo halikuisha. Walimu wa shule zilizo karibu na njia yetu ya reli wameungana na wazee wa mitaa na vikundi vya akina mama, wakafanya umoja wa watu wanaofundisha habari za mazingira, yaani miti, maji, udongo na taka. Umoja huo hauna faida ya kugawana, wala viongozi wake hawapati mshahara. Wanatuomba mambo mawili. La kwanza, tuwape ukumbi wetu Jumamosi moja kila mwezi. La pili, tuwape watu sita wa kujitolea waingie katika halmashauri yao na kuiongoza pamoja nao.

Mkutano uliopita wengine walisema ndiyo na wengine walisema hapana. Kisha ndugu mmoja akauliza swali lililonyamazisha ukumbi mzima: "Chama cha wafanyakazi chawezaje kuwaambia watu wafanye kazi bila malipo?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Nitalijibu. Lakini kwanza yafaa tujue kazi yenyewe ni nini, kwa nini yatuhusu sisi watu wa reli, na ni nani waliotutangulia kuifanya.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wengine husema mambo ya miti ni ya watu wa mashamba na ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Ndugu zangu, kumbukeni Mai Mahiu. Tarehe 29 Aprili, 2024, kabla hakujapambazuka, maji mengi yaliteremka kutoka upande wa Kijabe yakawakuta watu vitandani mwao. Watu zaidi ya 40 walikufa, na nyumba na magari yakachukuliwa. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya mto iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na vifusi. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakapasua.

Mtu wa njia aelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa ofisini. Tuta la reli ni ukuta. Ukuta huo ni salama maadamu maji yana mahali pa kupita. Sasa tazameni jinsi mahali pale panavyozibika. Mlima ukiwa na miti na majani, mvua huanguka juu ya majani kwanza, ikashuka polepole, na udongo ukainywa. Mizizi hushika udongo. Mlima ukinyolewa, mvua hupiga udongo mtupu, maji hayana subira ya kuingia chini, nayo hukimbia na udongo, mawe, magogo na mifuko ya taka. Vyote hivyo vikifika kwenye mfereji wa chini ya tuta, husimama hapo. Tunaweza kuzibua mfereji kila juma, lakini kama mlima uko uchi na mtaa watupa taka mtoni, mvua moja ya usiku itatushinda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe hauko kwenye reli, uko mlimani na mtaani. Ndiyo maana yataka watu waende huko juu wakafundishe.

Tena reli ina deni lake la zamani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, injini zilikuwa za moshi, nazo zilikula kuni. Idara ya Misitu ya nchi hii ilianzishwa mwaka 1902, na moja ya kazi zake kubwa za kwanza ilikuwa kuona ya kwamba reli haikosi kuni. Misitu ilikatwa, na mikaratusi ikapandwa kwa sababu hukua upesi. Leo twajua kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, na haufai kupandwa kando ya mito na chemchemi. Sisi tulio kazini leo hatukukata miti ile. Lakini ni reli hii hii inayotulisha, na hatuwezi kusema kwamba miti haituhusu.

WALE WALIOTUTANGULIA

Kazi ya kujitolea kwa ajili ya miti haikuletwa juzi na watu wa semina. Mwaka 1922, huko Kikuyu, Chifu Josiah Njonjo na afisa mmoja wa misitu, Richard St. Barbe Baker, waliwaita vijana kwenye ngoma ya miti. Wale waliokubali waliahidi kuilinda misitu na kupanda miti kila mwaka. Wakaitwa Watu wa Miti. Hakuna aliyewalipa. Wazo lile lilivuka bahari likawa chama katika nchi nyingine.

Mwaka 1968 vilianzishwa Wildlife Clubs of Kenya, vyama vya wanafunzi vya kujifunza habari za wanyama wa pori na makao yao. Navyo vilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Walimu wanaovisimamia mashuleni hufanya hivyo juu ya kazi yao ya darasani, baada ya kengele ya jioni.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa Green Belt Movement. Nataka niueleze kwa urefu, kwa maana ndani yake mna majibu ya maswali yetu mengi.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Baba yake alikuwa mfanyakazi, dereva na fundi wa magari katika shamba la mzungu huko Nakuru. Binti akasoma, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya alisikia akina mama wa mashambani wakieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji si safi, chakula hakitoshi. Akaona ya kwamba shida hizo zina mzizi mmoja, nao ni ardhi iliyovuliwa miti. Akasema, basi tupande miti.

Tarehe 5 Juni, 1977, walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Nanyi mwaujua mwaka 1977, kwa sababu ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na reli iliyokuwa moja ikakatwa vipande vitatu. Katika miti ile saba, Wangari aliandika baadaye, ni miwili tu iliyoendelea kusimama. Sikilizeni vema hapo. Kazi iliyokuja kujulikana ulimwengu mzima ilianza kwa miti saba, na mitano ikafa. Hawakuficha, wala hawakuacha.

Akina mama walipotaka kuotesha miche, mabwana wa misitu waliona kazi hiyo yataka watu wenye vyeti. Akina mama wakaona hayo ni maneno ya kuwachosha bure. Mtu ambaye amepanda mahindi na maharagwe tangu utoto ajua mbegu ni nini. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika na makopo, wakafundishana kikundi kwa kikundi. Wakaitwa wataalamu wa misitu wasio na vyeti. Kikundi kilipomaliza kupanda katika mashamba ya watu wake, kilikwenda kufundisha jirani. Miti ilipandwa kwa safu, safu ya miti elfu moja na zaidi, na ndipo likatoka jina la mshipi wa kijani. Kufikia mwaka 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki mwaka 2011, na kazi haikufa naye.

Hapa pana mambo matatu ya kuangaliwa na mtu wa chama.

La kwanza ni malipo. Kikundi kilipewa fedha kidogo kwa kila mche, kiasi cha senti nne za Kimarekani. Lakini hakikupewa kwa kupanda. Kilipewa mche ulipoonekana umeshika na uko hai. Fedha ile haikuwa mshahara, ilikuwa heshima kwa kazi iliyokamilika.

La pili ni uongozi. Kwa miaka mingi ya mwanzo Wangari mwenyewe alilipwa kwa kufundisha Chuo Kikuu, na kazi ya miti aliiongoza kwa kujitolea. Aliacha Chuo mwaka 1982. Ndipo fedha zilipopatikana, kutoka Umoja wa Mataifa na kwa chama cha misitu cha Norway, za kuajiri watu wa kushughulikia kazi hiyo siku zote. Kwa hiyo kujitolea kulikuja kwanza na mishahara ikafuata. Mwenye fedha hamsaidii mtu aliyekaa. Humsaidia aliyekwisha kuanza.

La tatu ni namna ya kufundisha. Katika semina zao watu waliambiwa kwanza wataje shida zao zote. Wakazitaja, na karibu zote wakaitwika serikali. Kisha waliulizwa juu ya msafiri aliyepanda basi lisilo lake: amepandaje? Watu wakajibu: hakuuliza, alidanganywa, hajui kusoma, aliogopa, alikuwa amelewa. Baada ya hapo wakaulizwa, je, na sisi tumepanda basi gani? Kwa lugha yetu ya kazi tungesema abiria amepanda gari la Nanyuki naye aenda Kisumu. Huwezi kumlaumu dereva peke yake. Mwalimu wa namna hiyo hamwambii mtu "panda mti" na kuondoka. Humwacha mtu aone mwenyewe ni wapi sehemu yake na ni wapi sehemu ya serikali, na kila sehemu idaiwe kwa mwenyewe.

Nao walidai. Mwaka 1989 walipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park. Chama chao kikafukuzwa katika nyumba ya serikali, ofisi ikahamia nyumbani kwa Wangari. Lakini jengo halikujengwa, na leo mfanyakazi wa Nairobi bado ana mahali pa kunyosha miguu. Mwezi wa Januari 1999 walipigwa Karura walipokwenda kupanda miti katika msitu uliokuwa ukigawiwa watu. Karura bado ni msitu. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba kufundisha mazingira ni kazi ya kuimba nyimbo na watoto tu.

KUJITOLEA NA MALIPO

Sasa nirudi kwa swali la ndugu yetu. Chama chetu kimepigania malipo ya kazi tangu siku yake ya kwanza. Babu zetu walijua kazi ya kulazimishwa, na twajua matajiri wanaomwita kijana "wa kujitolea" miezi sita, wamtume kama mtumishi, kisha wamwachishe bila asante. Huo si kujitolea, huo ni wizi wa jasho. Nakubaliana na ndugu yetu mia kwa mia.

Lakini tazameni ukumbi huu. Mwakilishi wa wafanyakazi anayekwenda kuteta kwa ajili ya mwenzake baada ya zamu, nani amlipaye? Mama anayetunza daftari la chama cha mazishi, nani amlipaye? Chama hiki chenyewe kilijengwa na watu waliotembea jioni kukusanya michango wakirudi nyumbani gizani. Tungesema kila kazi isiyo na mshahara ni utumwa, tungekuwa tumevunja nyumba yetu wenyewe.

Basi nimejaribu kuweka vipimo vitatu, mnaweza kuvikosoa.

Kipimo cha kwanza: je, kazi hii yamnyang'anya mtu kibarua? Kama kaunti inapaswa kuajiri watu wa kufagia na kuzoa taka, sisi tusiende kufagia kila siku kwa bure ili kaunti ipate sababu ya kutoajiri. Kazi ya kuzibua mifereji ya reli ni kazi ya watu wa njia wenye mshahara na vifaa, nayo tutaendelea kuidai hivyo. Kujitolea kwetu ni kufundisha, na kuwaongoza wanaofundisha.

Kipimo cha pili: ni nani anayekula matunda? Kama matunda yaingia mfukoni mwa mtu mmoja, huyo ni tajiri, alipe. Kama matunda ni maji safi mtaani na tuta lililo salama, hayo ni yetu sote.

Kipimo cha tatu: je, anayetoa jasho ana kura? Mtu wa kujitolea asiyeulizwa neno ni punda wa mzigo. Mtu wa kujitolea anayechagua viongozi, anayesomewa hesabu, na anayeweza kusema hapana, huyo ni mwanachama.

Nimeusoma mpango wa walimu hawa kwa vipimo hivyo. Katika cha kwanza na cha pili wamepita. Katika cha tatu wamepungukiwa, kwa maana katiba yao yasema halmashauri ndiyo itakayochagua halmashauri. Hilo halifai. Nashauri tuwajibu kwamba tutaingia, lakini kila anayefundisha awe na kura. Tena waandike kwamba hakuna mtu atakayetoa nauli mfukoni mwake. Mshahara hakuna, tumekubali. Lakini mtu akitoa siku yake, asitoe na unga wa watoto wake.

KUONGOZA WATU WASIOLIPWA

Ndugu zangu, wengi hudhani kwamba kuongoza watu wa kujitolea ni rahisi kwa sababu wamekuja kwa hiari. Ni kinyume. Msimamizi wa kazini ana zamu, ana kitabu cha mahudhurio, ana barua ya onyo. Kiongozi wa watu wa kujitolea hana hata kimoja. Watu wake wakichoka hawagombani naye, huacha tu kuja. Kwa hiyo hao sita tutakaowatoa wafuate mambo haya.

Kwanza, kila mtu apewe kazi ndogo iliyo wazi. Kumwambia mtu "tusaidie" si kumpa kazi. Mwambie: wewe utafungua ukumbi Jumamosi ya kwanza saa tatu, wewe utaandika majina, wewe utakwenda shule ile mara moja kwa mwezi. Nasi tu watu wa zamu, kwa hiyo kila cheo kiwe na watu wawili, mmoja akiwa kazini mwingine ashike.

Pili, makabidhiano. Hakuna anayetoka zamu kwenye njia yetu bila kumkabidhi mwenzake na kuandika kitabuni ni gari gani liko wapi. Vyama vingi vya kujitolea hufa kwa sababu katibu alihama na karatasi zote zikahama naye. Kiongozi akae miaka miwili, na tangu siku ya kwanza awe na msaidizi anayejifunza kazi yake.

Tatu, fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata ikiwa ni shilingi mia mbili za sabuni, iandikwe, stakabadhi ifungwe, na mweka hazina asome hesabu katika kila mkutano. Na hapa nataka kusema neno zito. Kiongozi asiyelipwa ana maradhi yake. Ukimwuliza juu ya fedha, hujibu, "Kwani mnanilipa?" Jibu hilo lisikubaliwe hata siku moja. Asiyelipwa naye huulizwa. Kujitolea hakumfanyi mtu kuwa malaika.

Nne, tuhesabu kilicho hai. Tarehe 13 Novemba, 2023, serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili taifa lipande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni jambo jema, kwa maana hesabu ya misitu iliyotolewa mwaka 2021 yasema miti inafunika asilimia 12.13 tu ya nchi. Lakini mti uliopandwa kwa picha na ukaachwa kwa mbuzi si mti. Kumbukeni akina mama wa mche ulioshika. Umoja wa walimu nao utoe hesabu namna hiyo. Usituambie tumefundisha watoto mia tano. Utuambie ni mitaa mingapi imeacha kutupa taka mtoni, na ni miche mingapi imepita kiangazi.

Tano, mwalimu naye alishwe. Mwaka ule ule wa 1977, mwezi wa Oktoba, mataifa yalikutana Tbilisi kwa mkutano wa elimu ya mazingira, wakapatana kwamba elimu hiyo ni ya watu wa rika zote, shuleni na nje ya shule, na ni ya maisha yote. Maneno mazuri, lakini mwalimu aliye peke yake katika shule yake huchoka. Hana vitabu, na wenzake humcheka kwa kubeba udongo darasani. Umoja wafaa kwa sababu hiyo. Jumamosi moja kila mwezi walimu wakutane, kila mmoja alete somo moja lililofaulu na moja lililomshinda, wabadilishane.

Nitawapa mfano wa somo moja lisilogharimu kitu. Chukua makarai mawili yaliyotobolewa upande mmoja. Katika moja tia udongo mtupu, katika jingine tia udongo wenye majani na mizizi yake. Yainamishe kidogo, weka kopo chini ya kila tundu, mimina maji sawasawa kwa mkono mmoja. Kopo la kwanza litajaa upesi maji mekundu ya matope. La pili litajaa polepole, na maji yake yatakuwa meupe zaidi. Mtoto wa darasa la tatu ataelewa Mai Mahiu kwa dakika tano, na jioni atamweleza baba yake.

Sita, na neno hili ni la wanaume. Tumezoea kwamba katika kazi ya kujitolea mwanamume hushika kiti na mwanamke hushika jembe. Katika mambo ya maji na kuni, wanaojua ni akina mama, kwa maana migongo yao ndiyo iliyobeba. Kati ya watu sita, nusu wawe akina mama, wala wasiwe wa kupika chai.

CHAMA CHA WAFANYAKAZI NA MAZINGIRA

Wako wanaosema tukiingia katika mambo haya tutaacha kazi yetu ya mishahara. Nitawapa habari ya wenzetu wa mbali. Mwaka 1971, huko Sydney, Australia, akina mama 13 wa mtaa mmoja walitaka kuokoa kipande cha mwisho cha msitu wao, Kelly's Bush, kisijengwe nyumba za matajiri. Waliandika barua kila mahali bila kupata jibu. Mwishowe wakawaendea wafanyakazi wa ujenzi, chama cha Builders Labourers Federation cha jimbo la New South Wales. Wafanyakazi wakakata shauri kwamba hakuna mwanachama atakayeinua jembe lake pale. Msitu ukapona. Baada ya hapo mitaa mingine ikaja kuomba, na bustani na nyumba za watu maskini zikaokolewa vivyo hivyo. Chama kile hakikuacha kupigania mishahara. Kilisema tu kwamba mfanyakazi ana haki ya kuuliza kazi ya mikono yake yafanya nini.

Nasi hatuombwi kugoma. Twaombwa ukumbi, ambao Jumamosi asubuhi hukaa na viti vitupu, na watu sita. Faida yetu ni nini? Njia iliyo salama kwa anayeifanyia kazi. Watoto wetu wanaosoma katika shule hizo hizo. Na jina la chama kwa majirani. Siku tukiwa na shauri gumu kwa tajiri, yafaa mtaa ujue kwamba watu wa reli si watu wa kujitazama wenyewe tu.

Lakini sitawadanganya. Kazi hii yaweza kushindwa. Mwaka wa kwanza tutaona watu arobaini, wa pili kumi na watano. Miche itakufa. Mtu atagombana na mtu juu ya ufunguo wa ukumbi. Hayo yote yametokea kwa waliotutangulia, na miti yao mitano kati ya saba ilikauka. Kama twataka jambo lisilo na hasara, tusiingie. Kama twataka jambo lenye maana, tuingie na macho yetu wazi, na daftari mkononi.

Basi, ndugu Mwenyekiti, natoa shauri hili mbele ya mkutano. Ukumbi utolewe kwa mwaka mmoja, kisha tutazame tena. Watu sita wachaguliwe kwa kura, watatu wanaume na watatu wanawake, kutoka idara mbalimbali, na angalau mmoja awe mtu wa njia. Waingie kwa sharti la kura kwa kila anayefundisha, na sharti la nauli. Kila miezi mitatu walete habari kwa tawi, na hesabu ya vilivyo hai. Ndugu aliyeuliza swali la malipo namwomba asikatae kusimama, kwa maana halmashauri yo yote yataka mtu mmoja asiyekubali mambo upesi.

Kura ni mkutano wa mwisho wa mwezi. Walio tayari wampe Katibu majina yao, na wasio tayari waje pia, waseme hoja zao mbele ya watu.

Umoja ni nguvu.